Ukienda Kilwa Kisiwani, lala Masoko

Ndugu yangu unayepanga kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, tafuta gesti ya bei nafuu Kilwa Masoko, mji wa bara unaotazamana na kisiwa hicho, karibu na bandari. Usilale Nangurukuru, kule njia panda ya barabara kuu, eti kwa sababu tu basi limekushusha hapo. Kutoka hapo hadi Masoko ni kilomita 30 hivi, asubuhi yako itaishia barabarani.

Kabla hujalipa, kikague chumba: washa feni, fungua bomba, kunjua chandarua ukitazame matundu. Hicho chandarua ndicho muhimu kuliko vyote, maana mbu wa pwani hawana huruma.

Jioni hiyohiyo ulizia kibali cha kutembelea magofu na mashua ya kukuvusha, uvuke asubuhi mapema. Kisiwani, kutoka Msikiti Mkuu hadi Husuni Kubwa, gofu la jumba la sultani, ni mwendo wa miguu, na jua la saa sita kule, jamani, linachoma kweli. Beba maji.