Kutambua Konokono Wadogo wa Triphoridae katika Mchanga wa Mikindani

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia mwanafunzi mmoja aliyekuwa akichambua makombe ya konokono wa familia ya Triphoridae. Wengi wao hawafiki sentimita 1, hula sifongo wa baharini, na karibu wote hujipinda kushoto, kinyume cha konokono walio wengi.

Hatua ya 1. Maji ya bamvua yakishakupwa, chota mchanga wenye vipande vya makombe kwenye mstari wa takataka ulioachwa na maji. Msimbati, kijiji cha pwani kilicho mkoani Mtwara kama Mikindani, imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, hivyo huko omba kibali kwanza.

Hatua ya 2. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi, anika kivulini, kisha chekecha. Siki usiiguse kabisa, kwani huyeyusha chokaa.

Hatua ya 3. Hapa ndipo saa nyingi hupotea. Mwaga mchanga kidogo juu ya sahani nyeusi na uokote kombe kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa. Kibanio cha chuma sikipendi, kwa sababu huvunja ncha ya kombe, nayo ndiyo yenye gamba la utotoni ambalo wataalamu hulitegemea kutofautisha spishi. Lielekeze kombe ncha ikiwa juu na mdomo ukikutazama: mdomo ukiwa kushoto, huenda umempata. Ncha ikiwa chini, kombe la kulia litaonekana la kushoto, na hivyo ndivyo wengi wanavyokosea. Mdomo ukiwa umevunjika, litazame kombe kutoka juu ya ncha. Mizunguko ya kushoto hupanuka kinyume cha mwendo wa mshale wa saa. Ukipiga picha kwa simu, epuka kamera ya mbele, ambayo mara nyingi huigeuza picha kama kioo, na kando ya kombe weka karatasi yenye maandishi. Herufi zikiwa kichwa chini tu, zungusha picha. Zikisomeka kinyumenyume, picha hiyo haifai kuamulia upande.

Hatua ya 4. Thibitisha kwa lenzi safu za vinundu mfano wa shanga. Konokono wa familia nyingine, Cerithiopsidae, nao wana vinundu na hula sifongo, ila wao hujipinda kulia.

Hatua ya 5. Hifadhi makombe katika vichupa vya kioo, pamoja na karatasi yenye mahali na tarehe iliyoandikwa kwa penseli. Makasha ya mbao, hata yakiwa mazuri kiasi gani, hutoa mvuke wa asidi unaoyala makombe polepole.