Somo: Kujiandaa kwa kazi ya kusimamia seva kabla ya kulipia mtihani

Ndugu zangu wa Kampala, Arua, Jinja na kwingineko, anzeni na mazoezi, cheti kifuate. Kwenye usaili wa vitendo unawekewa seva iliyogoma, na hapo karatasi haikusaidii.

Hatua ya 1. Kompyuta yenye RAM ya GB 8 inatosha. Washa VT-x (Intel) au AMD-V (AMD), uwezo wa kuendesha mashine pepe, kwenye BIOS, weka VirtualBox, programu ya kuunda mashine pepe, kisha unda mbili za AlmaLinux 9 (aina ya Linux), kila moja RAM GB 2 na diski GB 20. Weka saa: timedatectl set-timezone Africa/Kampala. Ukiiacha kwenye UTC, logi zitakuwa nyuma kwa saa 3.

Hatua ya 2. Haribu, kisha tengeneza. Ongeza diski ya pili na uiandike kwenye /etc/fstab (faili la diski za kupachikwa mashine ikiwaka) kwa UUID, yaani namba yake ya utambulisho. Ukikosea herufi moja, mashine huishia kwenye hali ya dharura. Ingiza nenosiri la root, andika mount -o remount,rw /, sahihisha mstari, washa upya. Kinga ni findmnt --verify na mount -a kabla ya kuzima.

Sasa hamishia Apache (programu ya seva ya wavuti) kwenye poti 82. Itakataa kuwaka hata firewall ikiwa wazi, kwa sababu SELinux (mfumo wa ulinzi ndani ya Linux) haijairuhusu poti hiyo. Iruhusu hivi: semanage port -a -t http_port_t -p tcp 82. Amri isipopatikana, weka policycoreutils-python-utils. Tafadhali msizime SELinux. Hapa ndipo mnapojifunza hasa.

Hatua ya 3. Bakapu ambayo hujawahi kuirejesha usiihesabu. Na kwa umeme wetu huu, unganisha UPS na seva kwa waya wa USB, uweke NUT (programu inayofuatilia UPS) ili seva ijizime kabla betri haijaisha.

Hatua ya 4. Vyeti. LPIC-1 (cheti cha Linux cha LPI) ina mitihani 2, kila mmoja maswali 60 kwa dakika 90, na hudumu miaka 5. RHCSA (cheti cha Red Hat) ni vitendo vitupu, alama ya kufaulu ni 210 kati ya 300, na hudumu miaka 3. Huduma uliyoiwasha bila systemctl enable hupotea mashine ikiwashwa upya, na alama zake pia.

Swali: Nina RAM GB 4 tu.
Jibu: Weka mashine moja ya Debian (aina nyingine ya Linux) bila desktopu, uipe GB 1. Ila yenyewe hutumia AppArmor badala ya SELinux, kwa hiyo zoezi la SELinux lisubiri.

Swali: CCNA (cheti cha mitandao cha Cisco) au Linux kwanza, kaka?
Jibu: Kwa seva, Linux. Lakini DNS (majina ya mtandao), DHCP (ugawaji wa anwani za IP) na subneti (vipande vya mtandao) huzikwepi: subneti ya /26 ina anwani ngapi za vifaa? Ni 62.

Swali: Umeme ukikatika nikifanya LPIC nyumbani?
Jibu: Laptopu iwe na chaji kamili, ruta iwe kwenye UPS. Usitegemee simu, hairuhusiwi mezani.