Kuchagua beringi ya gololi kwa mashine ya kusaga nafaka

Beringi ya mashine ya kusaga inapokufa, mafundi wengi husoma namba iliyochongwa kwenye ringi na kwenda dukani kutafuta nyingine ya namba hiyo hiyo, bila kujiuliza ile ya kwanza iliuawa na nini. Ifungue kwanza uitazame. Grisi iliyogeuka donge kwa unga inaonyesha kwamba kinga ya vumbi ilikuwa dhaifu, ringi iliyobadilika rangi ikawa kahawia au buluu imeungua kwa joto, na njia ya gololi iliyobanduka upande mmoja tu ni dalili ya shafti iliyopinda au inayosukumwa kuelekea pembeni.

Kisha soma namba yote. Katika 6205, tarakimu 6 ni beringi ya kawaida ya gololi ya mfereji wa kina, 2 ni daraja jepesi, na 05 ukiizidisha kwa 5 unapata kipenyo cha tundu, yaani milimita 25. Beringi ya 6305 ina tundu hilo hilo, ila kipenyo chake cha nje ni milimita 62 badala ya 52, kwa hiyo hubeba mzigo mkubwa zaidi lakini haiingii kwenye hausingi (kikasha kinachoishika beringi) ya zamani.

Mzigo ndio unaostahili kufikiriwa kwa muda mrefu kuliko yote. Uwezo wa 6205 kubeba mzigo ni takriban kilonyutoni 14 (kilonyutoni ni kipimo cha nguvu). Ukiibebesha kilonyutoni 1.4 na kuizungusha mara 1,500 kwa dakika, hesabu ya viwanda hutarajia asilimia 90 ya beringi za aina hiyo zifikishe saa 11,000 hivi. Ukiongeza mzigo maradufu, umri hushuka hadi sehemu moja ya nane, yaani saa 1,400 hivi. Ndiyo maana mwendeshaji anayekaza mkanda kupita kiasi ili usiteleze anaimaliza beringi nzuri kabisa, na hakuna namba ya dukani itakayomwokoa.

Pale shafti inaposukumwa sana kuelekea pembeni, tafuta beringi za gololi za pembe, ambazo namba zake huanza na 7.

Herufi za mwisho si mapambo. ZZ ni kava za bati, na 2RS ni kava za mpira zinazogusa ringi ya ndani. Kwenye chumba chenye vumbi la unga ningechagua 2RS, mradi mwendo usizidi kiwango kilichoandikwa kwenye katalogi. C3 maana yake nafasi kati ya gololi na ringi ni kubwa kuliko kawaida. Mota nyingi za umeme huhitaji C3, kwa kuwa ringi ya ndani hupata joto na kutanuka kuliko ya nje. Ukiweka isiyo na alama hiyo, nafasi inaweza kuisha na beringi ikajibana yenyewe.

Mwisho, pima shafti kwa vernia kabla ya kulipa. Ikiwa imelika na beringi inaingia kwa kusukuma kwa kidole, kuichapa vitundu kwa panchi ili ishike hakusaidii, kwa sababu vinundu vinavyoinuka kando ya vitundu hivyo hulainika upesi na ringi huanza kuzunguka juu ya shafti. Ipeleke kwa fundi wa lethi, ijazwe na kuchongwa upya kufikia kipimo, kisha ndipo ununue beringi.