Jinsi ya kumpima mguu mwenye sukari kabla hujamnunulia viatu

Mama yangu ana sukari mwaka wa 11 sasa na miaka yote hiyo alikuwa anavaa namba 37, kwa sababu alivaa 37 wakati anaolewa na hakuna aliyewahi kumpima tena. Mwaka juzi tumerudi kwenye harusi namvua viatu nakuta soksi ina damu, nageuza kiatu kinadondoka kifungo cha shati, kilikuwa humo toka asubuhi, unyayo umechubuka na kifungo kimejichora mpaka vitundu vyake vinaonekana, na yeye ananiangalia ananiambia mbona viatu viko sawa tu mwanangu. Kidonda kile kilichukua miezi minne kufunga.

Sukari ikikaa muda mrefu mishipa ya fahamu ya miguuni inaharibika, mguu unakufa ganzi taratibu bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo swali la muuza viatu, "kinakubana mama?", kwa mtu kama huyu halina kazi. Tena wengi wao huchagua kiatu kinachobana maana ndo wanachokihisi, cha saizi yao kamili wanasema kinapwaya. Tumia rula na karatasi, usimuulize.

Kama hujui ganzi imefika wapi, mwambie afumbe macho, halafu mguse kwa ncha ya kidole chako, polepole, sekunde moja tu, usibonyeze wala usipapase. Gusa ncha ya kidole gumba, cha katikati na kile kidogo cha mwisho, miguu yote miwili, jumla sehemu sita. Asipohisi mbili au zaidi chukulia ganzi ipo, na siku ya kliniki kawaambieni wamcheki vizuri.

Sasa kupima. Fanya jioni, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kilichopimwa asubuhi kitambana saa kumi. Avae soksi anazovaaga kila siku. Weka karatasi kwenye sakafu ngumu, kapeti hapana, kisigino kiguse ukuta, halafu ASIMAME, akushike bega kama hana balansi. Watu wengi wanapima mzee kakaa kitandani, na mguu usiobeba uzito ni mfupi na mwembamba kuliko ule atakaotembea nao. Zungusha penseli ikiwa wima kabisa, ukiilaza inaingia chini ya mguu na kukuibia milimita kadhaa.

Urefu unapimwa toka ukutani mpaka kidole kirefu kuliko vyote, sio lazima kiwe gumba, kwa mama ni cha pili. Upana unapima pale mguu ulipo mpana zaidi, usawa wa mfupa wa kidole gumba unapotokeza. Pima miguu yote miwili, karibu kila mtu ana mmoja mkubwa, na huo mkubwa ndo unanunuliwa kiatu.

Mguu wa kushoto wa mama ulitoka sentimita 24.3, wa kulia 24.8. Ndani ya kiatu panatakiwa pabaki nafasi ya sentimita 1 mpaka 2 mbele ya kidole kirefu, sio zaidi, maana kikizidi mguu unateleza na unachubuka vilevile. Namba za Ulaya (hizi 37, 38, 39) kila moja ni theluthi mbili za sentimita, kwa hiyo 37 ni kama sentimita 24.7. Yaani mama alikuwa anavaa kiatu kifupi kuliko mguu wake na hajawahi kulalamika hata siku moja!! 39 ni sentimita 26, hiyo ndo saizi yake. Ila usiamini namba peke yake, kila kiwanda kina 39 yake.

Ndo maana mimi nakata ile michoro kwenye boksi gumu naenda nayo Kariakoo kwenye begi, mama hana haja ya kupanda daladala. Naichomeka ndani ya kiatu: ikikunja kingo kiatu ni chembamba, nakirudisha hapohapo. Kama soli ya ndani inatoka, itoe uilinganishe na boksi, mguu usimwagike nje hata kidogo. Kisha ingiza mkono mpaka mbele, sikilizia mshono, gundi iliyoganda, ncha ya msumari, na uone kama juu ya vidole pana nafasi au pamelala. Tafuta cha kisigino kifupi chenye kamba au cha kubandika, ili kikazwe na kulegezwa. Ndala za kuchomeka kati ya vidole mama havai tena hata bafuni, ile gidamu inakata ngozi pole pole. Mtumba pia sipendi kumchukulia, soli ya ndani imeshashika umbo la mguu wa mtu mwingine, na unyayo usio na hisia unasagwa pale pale kila hatua.

Kiatu kipya avae saa moja au mawili tu siku za mwanzo, ndani ya nyumba, kisha mvue uangalie. Pakiwa pekundu na hapafifii, kiatu hicho hapana, hata kama umekilipia. Soksi ziwe nyeupe ili damu au usaha vionekane mapema, na mpira wake usiache alama mguuni. Kila anapovaa, kiatu kikung'utwe na mkono upite ndani kwanza.

Mguu ukiwa na kidonda, au mmoja umevimba na ni wa moto kuliko mwenzake hata kama hauumi, acha habari za viatu, asiukanyagie, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Yale maboksi nimeyaandika tarehe nikayaweka kwenye faili lake la kliniki. Narudia kila miezi sita, na mara ya mwisho mguu wa kulia ulikuwa umeongezeka upana milimita tatu.