SOMO: Kupika udongo wa kitalu nyumba kwa jua la kaskazi (na maswali yenu chini)

Asalaam aleikum na habari za asubuhi wanakikundi, shikamooni wakubwa wote. Niliahidi wiki iliyopita ntaandika hili somo, sasa jua lenyewe limeshashika, masika bado, kwa hiyo ndo wakati wake huu huu.

Nianze na kilichonifikisha huku. Kitalu nyumba changu kiko Pongwe, mita 8 kwa 15, nyanya. Msimu wa kwanza nilivuna vizuri mpaka majirani wakawa wanakuja kuangalia, msimu wa pili nikanunua miche kwa mtu badala ya kuotesha mwenyewe, ikafika wiki ya sita hivi miche inadumaa, mchana inalegea jioni inanyanyuka, nang'oa mmoja naukuta mizizi ina mafundo mafundo kama tangawizi. Minyoo fundo, vile vijinyoo vya udongoni vinavyoingia kwenye mizizi. Nlilia kweli maana ile hela ilikuwa ya ada. Nikaambiwa piga dawa, nikapiga, hela ikaenda na minyoo ikabaki. Ndo nikafundishwa kupika udongo, na toka hapo kila kaskazi nafanya, sijaacha.

Watu wengi wakisikia kupasha moto udongo wanafikiri ni mambo ya Ulaya, kule kwenye baridi wanapitisha mabomba ya maji ya moto ili mizizi isigande. Sisi wa Tanga mjini, Muheza, Pangani mpaka Bagamoyo shida yetu sio baridi. Sisi tunapasha udongo moto ili tuue vilivyomo, tukimaliza tunauacha upoe ndo tupande. Mbinu yenyewe ina miaka, mwaka 1976 Jaacov Katan na wenzake kule Israel walichapisha jinsi nailoni na jua vinavyoua magonjwa ya udongo, na ilipata umuhimu zaidi baada ya ile gesi ya kufukizia udongo, methyl bromide, kupigwa marufuku kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, nchi zetu zinazoendelea mwisho wake ulikuwa 2015. Jua halijapigwa marufuku na hatulilipii.

HATUA YA 1. Wakati. Januari na Februari, vuli imeisha masika haijaanza. Ukisubiri kusi ianze kuvuma mawingu yamejaa, utakuwa unafunika udongo tu.

HATUA YA 2. Ng'oa mazao yote na mizizi yake, usikate juu ukaacha mizizi chini maana mayai ya minyoo yako humo humo ndani ya mafundo. Toa nje, anika, choma. Usitupe kwenye shimo la mboji tafadhali.

HATUA YA 3. Lima sentimita 30, ponda mabonge, sawazisha na reki mpaka pawe laini kama unataka kuanika mpunga. Bonge likibaki linanyanyua nailoni, chini yake kunakaa hewa, na hewa inazuia joto lisishuke. Kama una samadi ya kuweka iweke sasa hivi ipikwe nayo, ya kuku ni nzuri zaidi, na mabaki ya kabichi ukiyakatakata ukachanganya yakioza chini ya joto yanatoa hewa kali inayosaidia kuua.

HATUA YA 4. MAJI. Hapa ndo wengi wanaharibu. Udongo mkavu haupiki. Joto linasafiri kwenye unyevu, na tena yai la mnyoo au mbegu ya gugu ikiwa kavu imelala inavumilia joto kali, ikilowa inaamka na ikiamka inakufa kirahisi. Tandika mipira ya dripu kwanza, mwagilia mpaka maji yafike sentimita 30, chimba na mkono uhakikishe. Ukikamata udongo ukaufinya ufanye tonge lisilochuruzika maji hapo sawa. Mipira iache chini ya nailoni, ukiona pamekauka katikati unaongeza maji bila kufunua.

HATUA YA 5. Funika na nailoni INAYOONYESHA, ile ambayo ukiangalia unauona udongo. Nyembamba ya maikroni 25 mpaka 50 ndo inapitisha joto vizuri, na kwa sababu uko ndani ya kitalu nyumba hakuna upepo wa kuichana. Ivute ibane udongo, usiiache ilegee kama chandarua, kingo zifukie kwenye mtaro wa sentimita 15 hadi 20. Tundu lolote ziba na seloteipu. Kwa ndani utaona matone ya maji, hiyo ni dalili nzuri.

HATUA YA 6. Funga nyumba. Vitalu vyetu vya pwani pembeni ni neti tupu ili joto litoke, sasa kwa kipindi hiki tunataka kinyume chake, shusha nailoni au turubai pembeni zote, mlango funga, kaa wiki 4 mpaka 6. Mimi nakaa 6. Kama una termometa ichomeke sentimita 10 saa nane mchana, ukisoma nyuzi joto 45 kwenda juu mambo yanaenda, na nyumba ikifungwa vizuri inaweza kupita 50. Ila mjue kabisa kwamba ukishuka sentimita 30 joto ni dogo sana, ndo maana tunakaa wiki nyingi, kule chini tunaua kwa muda mrefu, sio kwa ukali. Na pembeni mwa ukuta kama nusu mita hivi hapashiki joto kabisa, mimi pale sipandi kitu, nimepafanya njia.

HATUA YA 7. Funua, acha pakauke kidogo. USILIME TENA KINA. Yaani hii naomba muikariri, ukipiga jembe sentimita 30 unapandisha udongo wa chini ambao haukuiva na unarudisha minyoo juu mwenyewe kwa mikono yako. Parua sentimita 5 tu, changanya mboji iliyoiva, panda. Viatu vya kitaluni viwe vya kitaluni, na jembe la kuazima liosheni kwanza.

Sasa udongo wa miche ni habari nyingine, huo ni kidogo na hausubiri wiki 6, tunaupika kwa mvuke. Pipa la lita 200, ndani weka matofali matatu, juu yake wavu wa chuma, maji yasifike kwenye wavu, udongo wenye unyevu kidogo tia kwenye viroba uvipange juu, funika na bati na gunia. Moto wa makumbi ya nazi unatosha kabisa na huku tunayo mengi. Zika kiazi mviringo katikati ya kiroba, mvuke ukishatoka vizuri hesabu nusu saa, kiazi kikiiva na udongo umeiva. Usizidishe! Udongo unatakiwa uguse nyuzi 80 hivi kwa nusu saa, ukipitisha sana madini ya manganizi yanafunguka yanakuwa sumu kwa miche na amonia inajaa, miche inatoka njano. Na wale wanaokaanga udongo mkavu kwenye karai kama karanga, acheni, mnauchoma. Ukipoa uache wiki moja ndo uoteshe.

MASWALI

Wa Bagamoyo: Dada asante kwa somo, mimi nina nailoni nyeusi ya kutandika matuta, nimeinunua roli zima, siwezi kutumia hiyo?

Kwa kazi hii hapana kaka. Nyeusi inalinyonya joto yenyewe, ukiishika inaunguza lakini chini udongo uko vuguvugu tu. Inayoonyesha inapitisha jua mpaka kwenye udongo halafu inazuia joto lisitoke. Hiyo roli itunze, inazuia magugu vizuri, ila kwa jua la Bagamoyo utandaze nyasi kavu juu yake maana mizizi ya nyanya ikipita nyuzi 35 inateseka.

Wa Lushoto: Mwanangu, sisi huku juu ni tofauti. Mwezi wa saba baridi inauma, mbegu za hoho zinakaa kitaluni mpaka zinaoza. Hilo jua la kwenu hatuna. Tufanyeje?

Shikamoo baba. Kwenu kweli ndo unatakiwa moto wa kuotesha wenyewe, hoho na nyanya zinataka udongo wa nyuzi 20 na kitu. Tumia samadi mbichi. Chimba shimo la sentimita 60 ndani ya kitalu nyumba, jaza sentimita 45 samadi mbichi ya ng'ombe au farasi iliyochanganyika na majani makavu, kanyaga, mwagilia, weka udongo sentimita 15 juu. Itapanda moto sana siku za mwanzo, inaweza kufika 60, usipande hapo utapika mbegu. Baada ya wiki hivi pima, ikishuka chini ya 30 panga trei zako juu, joto litakaa wiki kadhaa na miche itakuwa imeshatoka. Usiku funika na nailoni kwenye vijiti vya upinde, asubuhi funua hata kama kuna ukungu, kwa sababu amonia ya samadi ikifungiwa inaunguza majani. Zipo pia waya za umeme za kuzika chini ya mchanga, zinakula kama wati 100 mpaka 150 kwa mita moja ya mraba, kwa meza ndogo ya miche sio mbaya ila lazima iwe na kifaa kinachojizima joto likifika, na fundi wa umeme awe fundi kweli maana pale kuna maji.

Wa Muheza: Nyanya zangu zinanyauka ghafla zikiwa kijani kabisa, ndo hiyo minyoo?

Pole sana mama. Ng'oa mmoja uangalie mizizi. Yenye mafundo ni minyoo. Kama mizizi haina mafundo, kata shina karibu na udongo, litumbukize kwenye glasi ya maji safi utulie dakika chache, ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka ni mnyauko bakteria. Huo sitakudanganya, kupika udongo kunaupunguza ila hauuondoi wote, unakaa chini kina. Utabidi upumzishe nyanya, biringanya, hoho na viazi hapo, weka mahindi au vitunguu, au panda nyanya kwenye ndoo zenye udongo uliopikwa kwa mvuke. Na Mlingano hapo kwenu kuna kituo cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, wanashughulika na udongo, nenda nao kwenye mfuko ukaulize.

Wa Pangani: Si tunaua na wadudu wazuri?

Wengine wanakufa, kweli. Nyungunyungu wanakimbilia chini. Lakini fangasi na bakteria wengi wazuri wanavumilia joto kuliko wabaya na wanarudi haraka, na ile mboji ya hatua ya 7 ndo inawarudishia wenzao, kwa hiyo usiiruke. Kwenye udongo wa mvuke ndo hatari zaidi, ule unabaki mtupu, ugonjwa ukiingia wa kwanza unatamba, ndo maana nauchanganya na mboji kiganja kimoja kwa kila kiroba.

Wa Bagamoyo tena: Sina kitalu nyumba bado, nina bustani ya mchicha tu nje. Na hiyo nailoni naweza kurudia?

Nje inafanya kazi, ongeza muda uwe wiki 6 mpaka 8, na kuku wasipite juu wataitoboa. Kurudia inategemea, ile nyembamba ikikaa juani inakatika katika, ikitoka nzima ioshe, ikunje, iweke kivulini. Mimi safari hii natumia nailoni nene niliyovua juu ya paa la kitalu, niliisugua na sabuni kwanza maana vumbi linazuia jua, na jana saa nane termometa imesoma 49.