Foleni ya mapokezi: jinsi ya kuipima, kuihesabu na kuipunguza kwa watumishi ulio nao

Saa 11 alfajiri, mlinzi hajafungua hata geti dogo, benchi la nje ya mapokezi limeshajaa kadi. Kila kadi imewekewa kijiwe juu ili upepo usiipeperushe, na mwenyewe ameegemea ukuta, mtoto mgongoni. Dirisha litafunguliwa saa 1:30.

Nimefanya kazi ya takwimu kwenye vituo vya afya vya Tanzania, na benchi hilo nimelikuta karibu kila nilikopangiwa. Maelezo nayo ni yale yale: karani wa mapokezi ni mzito. Kuna kikao nilikaa ambapo barua ya onyo kwa karani ilikuwa imeshaandikwa, imebaki sahihi tu. Nikamwomba mganga mfawidhi anipe wiki mbili za kupima kwanza. Tulipomaliza kupima, barua ilichanwa, kwa sababu karani alikuwa anahudumia watu haraka kuliko tulivyodhani. Foleni ilitoka kwingine.

Mwongozo huu unaeleza kazi ile kwa mpangilio wake. Unahitaji karatasi, kalamu, saa, na programu ya jedwali kama Excel au LibreOffice. Namba ninazotumia hapa ni za mfano, nimezichagua ili uweze kuzifuata kwa kikokotoo cha simu. Ukifika kwako, weka za kwako.

Hatua ya 1: Tembea na mgonjwa

Usianzie ofisini. Chagua mgonjwa mmoja, mwombe ruhusa, kisha ongozana naye tangu getini hadi anapotoka na dawa: mapokezi, kupimwa uzito na presha, chumba cha daktari, maabara, kurudi kwa daktari na majibu, malipo au bima, dirisha la dawa. Chora njia hiyo kwenye karatasi moja.

Angalia hasa pale mgonjwa anaporudi nyuma. Kama wagonjwa 60 wanamwona daktari na 35 kati yao wanatumwa maabara, wale 35 watamrudia. Kwa siku hiyo daktari ana mahudhurio 95. Ratiba nyingi nilizoziona zimepangwa kwa 60, halafu watu wanashangaa kwa nini mchana unawaelemea.

Hatua ya 2: Pima muda

Vitabu vya MTUHA, yaani rejista za taarifa za huduma za kituo, vinakuambia ni wagonjwa wangapi walikuja na waliumwa nini. Walisubiri kwa muda gani, havisemi. Hilo utalikusanya mwenyewe.

Kata karatasi ya A4 vipande vinne. Kila kipande kiwe na mistari mitatu: *amefika*, *ameitwa dirishani*, *amemaliza*. Mlinzi anaandika muda wa kufika na kumpa mgonjwa kipande chake, karani anajaza miwili inayobaki, na vipande vinakusanywa geti la kutokea. Wiki mbili zinatosha kuanzia, mradi Jumatatu ziwe mbili, maana Jumatatu ina tabia yake.

Hapa kuna mambo matatu ya kulinda.

La kwanza ni saa. Niliwahi kupoteza data ya siku mbili nzima kwa sababu saa ya getini na ya mapokezi zilipishana dakika saba. Baadhi ya wagonjwa walionekana wameitwa kabla hawajafika. Tangu hapo, kabla ya kugawa kipande cha kwanza nazungukia kila sehemu yenye saa na simu yangu na kulinganisha saa zote.

La pili ni waliokata tamaa. Hesabu vipande vilivyotolewa getini, toa vilivyorudi. Tofauti ni watu walioondoka bila huduma, na mara nyingi ndio waliosubiri kuliko wote. Ukiwaacha nje ya hesabu, wastani wako utaonekana mzuri kadiri wengi wanavyokata tamaa. Waandike kwenye mstari wao.

La tatu ni watumishi. Waambie mapema unapima nini na kwa nini. Karani akijua kwamba unapima njia nzima na humtafuti yeye, atakujazia muda wa kweli. Akihisi anawindwa utapata namba za kupendeza zisizo na faida. Mimi huwaonyesha jedwali kila jioni, wakaona wenyewe.

Hatua ya 3: Hakiki data kwa kuhesabu vichwa

Kuna kanuni aliyoithibitisha John Little mwaka 1961, nyepesi ajabu: idadi ya watu waliopo mahali, kwa wastani, ni sawa na kasi ya kuingia ukizidisha na muda ambao kila mmoja anakaa pale. Wakiingia watu 18 kwa saa, na kila mmoja akikaa nusu saa, basi ukipita wakati wowote utakuta kama watu 9.

Kwa hiyo kila baada ya dakika 15 hesabu waliopo kwenye foleni na dirishani, kisha tafuta wastani wake. Vipande vikisema 9 na macho yako yakasema 20, kuna kitu hakijaandikwa. Tafuta kabla hujaendelea.

Hatua ya 4: Tafuta kiwango cha matumizi

Gawanya kasi ya kufika kwa kasi ya kuhudumia. Jibu ni sehemu ya muda ambayo dirisha lina kazi. Tuseme karani anatumia wastani wa dakika 3 kwa mgonjwa, yaani anaweza watu 20 kwa saa. Wakifika 18 kwa saa, matumizi ni 18 kwa 20, asilimia 90.

Viongozi wengi hufurahia namba hiyo, kwamba mtumishi anatumika vizuri. Sasa angalia muda wa kusubiri kabla ya kuitwa, kwa dirisha hilo hilo na karani huyo huyo:

- wakifika 10 kwa saa (asilimia 50): dakika 3
- wakifika 14 (asilimia 70): dakika 7
- wakifika 16 (asilimia 80): dakika 12
- wakifika 18 (asilimia 90): dakika 27
- wakifika 19 (asilimia 95): dakika 57

Mtu mmoja tu kwa saa, kutoka 18 hadi 19, amezidisha kusubiri zaidi ya mara mbili. Karani hajabadilika hata kidogo. Jedwali kama hili ndilo lililochana ile barua.

Hesabu yake ni hii: chukua matumizi (0.9), gawanya kwa tofauti kati ya kasi ya kuhudumia na ya kufika (20 toa 18, yaani 2). Unapata saa 0.45, sawa na dakika 27. Inadhani watu wanafika bila mpangilio na huduma zinatofautiana sana kwa urefu. Mizizi yake ni kazi ya Agner Erlang, Mdenmark aliyechapisha hesabu za simu zinazoingia kwenye mitambo ya Copenhagen mwaka 1909. Simu inayosubiri laini na mama anayesubiri faili wanafuata hesabu moja.

Kinacholeta foleni hapa ni kutotabirika. Kama kila mtu angefika kila baada ya dakika 3 na sekunde 20 kamili, na kila mmoja akahudumiwa kwa dakika 3 kamili, asingesubiri mtu. Kwa hiyo una njia mbili ambazo hazidai fedha ya mshahara: kuwafanya watu wafike kwa mpangilio, na kupunguza zile huduma chache ndefu. Ukitazama vipande vyako utaona kwamba faili nyingi zinachukua dakika 2, halafu moja inachukua 11 kwa sababu kadi imepotea au bima haisomi. Wenye tatizo la kadi wapelekwe meza ya pembeni.

Hatua ya 5: Shughulikia asubuhi peke yake

Jedwali la hatua ya 4 linafaa pale ambapo mambo yametulia. Asubuhi mambo hayajatulia: dirisha linafunguliwa tayari kuna umati. Ukitumia wastani wa siku nzima hapa, utajidanganya. Nimeona ripoti inayosema matumizi ni asilimia 80 na hakuna shida, wakati watu wamekaa hadi adhuhuri.

Fanya hesabu ya ndoo na bomba. Tuseme saa 1:30 kuna watu 40 wanaongoja, wengine wanaendelea kuja 12 kwa saa, na dirisha moja linatoa 20 kwa saa. Foleni inapungua kwa 8 kila saa. Arobaini kwa nane ni saa 5. Foleni itaisha saa 6:30 mchana, na kila atakayefika katikati atairithi.

Sasa jaribu mawazo mawili kwenye karatasi kabla ya kumsumbua mtu.

Wazo la kwanza: fungua dirisha la pili asubuhi tu, kwa kumhamisha kwa muda mtumishi anayepanga mafaili. Mnatoa 40 kwa saa, wanaingia 12, foleni inapungua kwa 28. Arobaini kwa 28 ni kama saa moja na dakika 26. Kabla ya saa 3 kamili benchi ni tupu, na yule mtumishi anarudi kwenye mafaili yake. Saa moja na nusu ya mtu mmoja imeondoa zaidi ya saa tatu za foleni.

Wazo la pili: wagonjwa 20 kati ya wale 40 wamekuja kwa marudio ya dawa za presha au kisukari, na tarehe yao mnaipanga ninyi. Waandikie saa kwenye kadi, watano kwa kila saa kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana. Foleni ya asubuhi inaanza na watu 20 na kuisha saa 4:00. Baada ya hapo wanafika 17 kwa saa, na kusubiri kunatulia kwenye dakika 17 hivi.

Mimi ningeanza na la kwanza, kwa sababu linaanza kesho. La pili ni zuri zaidi lakini linahitaji uaminifu: mgonjwa aliyeandikiwa saa 5, akija saa 5 akaambiwa akakae nyuma ya waliowahi, mwezi ujao atakuja alfajiri na kijiwe chake, na atawaambia na majirani. Mkiandika saa, iheshimuni kuanzia siku ya kwanza.

Hatua ya 6: Madirisha mawili, mstari mmoja

Kama mnayo madirisha mawili tayari, kila moja likipokea watu 18 kwa saa na kuwa na mstari wake, kusubiri ni zile dakika 27. Unganisha mistari iwe mmoja, anayefika mbele aende dirisha lililo wazi: kusubiri kunashuka hadi dakika 13 hivi. Kwa kuwa watu huhama mistari wenyewe wakiona mwingine unakwenda, nafuu utakayoipata itakuwa pungufu kidogo ya hiyo. Bado gharama ni kamba na vigingi vinne. Faida nyingine haionekani kwenye hesabu: aliyewahi anahudumiwa kabla ya aliyechelewa, na ugomvi wa dirishani unapungua.

Hatua ya 7: Jua kama badiliko ni la kweli

Hapa ndipo kazi nzuri nyingi zinapoharibika. Siku moja kusubiri kunapanda, kikao kinaitishwa, badiliko linafutwa. Kumbe siku zote hupanda na kushuka zenyewe.

Andika wastani wa kusubiri wa kila siku kwa siku 10 *kabla* ya badiliko. Mfano, kwa dakika: 52, 47, 58, 50, 61, 49, 55, 46, 57, 51. Wastani wake ni 52.6. Kisha tafuta tofauti kati ya kila siku na inayoifuata bila kujali kama ni juu au chini: 5, 11, 8, 11, 12, 6, 9, 11, 6. Wastani wa tofauti hizo ni 8.8. Zidisha na 2.66, namba isiyobadilika ya chati za aina hii, upate 23 na kidogo. Ongeza na utoe kwenye wastani: mpaka wa juu ni 76, wa chini ni 29.

Hii ni aina mojawapo ya chati za udhibiti, ambazo Walter Shewhart alizianzisha Marekani mwaka 1924 kwa ajili ya viwanda. Maana yake kwako ni kwamba siku ya dakika 64 si habari, usimwite mtu ofisini. Siku ya dakika 80 ni habari, ulizia kilichotokea. Na baada ya kufungua dirisha la pili, siku ikishuka chini ya 29, au siku nane mfululizo zikakaa chini ya 52.6, una haki ya kusema badiliko limefanya kazi. Anza basi chati mpya yenye mipaka mipya.

Ibandike ukutani, mahali karani anapoiona akiingia. Siku ya kwanza mchore nukta wewe, ya pili mpe yeye kalamu.

Ukishafika hapa, nenda ukasimame maabara saa 3 asubuhi. Watu waliokuwa wanatiririka kutoka mapokezi mmoja mmoja sasa wanafika kwa kundi, na mtaalamu wa maabara bado ni yule yule mmoja. Chukua vipande vyako vya karatasi, linganisha saa ya maabara na ya mapokezi, na uanze kupima pale.