Ukifundisha lupu, anza na kubashiri

Walimu wenzangu wa kompyuta, ukifundisha lupu (yaani amri ya kurudia kazi ileile mara kadhaa) usianze na maelezo aisee, wape kiprogramu cha mistari miwili tu cha Python, lugha ya kuandikia programu, for i in range(5): halafu chini yake print(i), na kabla hawajakiendesha kila mtu aandike kwenye karatasi anadhani kitatoa nini. Wengi wataandika 1 mpaka 5. Kinatoka 0 mpaka 4, hapo ndo darasa linaamka. Sasa we nyamaza (hii ndo ngumu, mdomo unawasha kweli), uliza tu, mbona 5 haipo? Kisha wajaribu range(2, 5), wakae wawili wawili, mmoja anataipu mwenzake anambishia. Hilo neno lupu lenyewe lilete baadaye, wakishaona inavyozunguka.